Zamu ya Clement Kuosha Vyombo

Daktari Hartnoll alipomwambia Clement Pobjoy kwamba moyo wake umechoka na huenda Jumapili isimkute, Clement hakulia wala hakuomba kasisi. Aliuliza kitabu kimefika sura ya ngapi.

"Ya kumi na moja," alijibu mkewe, Lavinia, aliyekuwa amesimama miguuni pa kitanda na bakuli la supu ya ng'ombe.

"Basi itabidi tusome sura mbili kila siku," alisema Clement. "Siendi kokote kabla sijajua nani kamuua Sir Hubert."

"Sawa, mpenzi," alisema Lavinia, na papo hapo akaapa moyoni kwamba atasoma nusu.

Kijiji chao kiliitwa Nether Wraxby, na mwaka ule mvua ilinyesha hata nyasi za uwanja wa kriketi zikaota uyoga. Clement alikuwa ameuza mbegu na majembe maisha yake yote, lakini hiyo ilikuwa kazi ya mkate tu. Kazi ya roho yake ilikuwa uamuzi wa kriketi. Kila Jumamosi ya kiangazi alivaa koti lake jeupe refu, akasimama nyuma ya vijiti kama mlingoti, na mchezaji aliyeshindwa alipomgeukia kumtazama, Clement aliinua kidole kimoja. Hasemi kitu. Kidole kikishapanda, mtu anakwapua gongo lake na kuondoka, hata awe nani. Mchungaji wa kijiji aliwahi kutolewa hivyo kwa mpira wa kwanza kabisa, mbele ya askofu, na inasemekana ile misa ya kesho yake ilikuwa fupi na kali.

Watu wengine wa rika lao walipenda maua, wengine paka. Clement na Lavinia walipenda maiti. Walipenda maiti safi, isiyochafua zulia, ya tajiri asiyependwa na mtu, iliyokutwa kabla ya staftahi kwenye jumba kubwa ambalo kila aliyelala humo alikuwa na sababu nzuri ya kumwua mwenye nyumba. Halafu aje mpelelezi mwenye maringo, aulize maswali yasiyo na maana, na mwishoni awakusanye wote chumba cha vitabu, awaseme vibaya mmoja mmoja mpaka afike kwa muuaji. Walisoma saa ya chai. Lavinia alisoma kwa sauti, Clement alisikiliza amefumba macho, na keki ya mbegu ilipungua sahanini bila mtu kukiri kuila.

Nyumba yao ilikuwa na kanuni moja tu iliyoheshimiwa kuliko Amri Kumi. Sura ya mwisho haifunguliwi mpaka kila mmoja ataje muuaji wake, na sababu yake. Atakayekosea ataosha vyombo vya chai mpaka kitabu kingine kiishe. Clement alikuwa akizifunga kurasa za mwisho kwa kamba ya kiatu, asije mtu akapata kishawishi, na mtu mwenyewe alikuwa Lavinia.

Clement hakuwahi kushindwa. Alijua sumu gani inanuka lozi na ipi hainuki kabisa, alijua ratiba za treni za nchi nzima, alijua jinsi ya kufunga mlango kwa ndani ukiwa nje kwa kutumia uzi na pini. Lavinia yeye aliwachagua wauaji kwa kuwachukia. Akiona mtu kamfokea mtumishi, basi huyo ndiye, na hakuwa ndiye hata siku moja. Kwa hiyo yeye ndiye aliyeosha, tangu walipooana, na maji ya moto na magadi vilikuwa vimeipasua mikono yake vidoleni kote. Clement kwa upande wake alikuwa hajui kama karo lao lina bomba moja au mawili.

Kitabu hiki kilichokuwa kimefika sura ya kumi na moja kiliitwa *Maiti Bandani mwa Zabibu*, na kilikuja na jambo ambalo Clement hakuwahi kuliona. Wachapishaji wenyewe walikuwa wamezifunga kurasa za mwisho kwa karatasi nyembamba ya buluu, wakaibandika kwa gundi, na juu yake wakaandika kwamba msomaji atakayeweza kujizuia asiichane anaweza kukirudisha kitabu dukani na kurudishiwa hela yake. Clement aliisoma ile karatasi kwa heshima kama mtu anayesoma jiwe la kaburi la mfalme.

"Unaona, Lavi," alisema. "Kumbe bado kuna watu wenye adabu hapa Uingereza."

Habari yenyewe haikuwa ngumu. Sir Hubert Mallaby, bahili wa kupigiwa mfano, alikuwa na banda la vioo la kukuzia zabibu, na kila alasiri aliingia humo peke yake kunywa chai na kuzitazama, asije mtu akamwomba. Siku moja akakutwa humo amekufa kwa sumu, mlango umefungwa kwa ndani. Washukiwa walikuwa mpwa wake mcheza kamari, katibu wake mwenye masharubu ya kigeni, meja mstaafu wa mguu mmoja, na Bibi Mallaby, mkewe, mwanamke mpole aliyemuuguza miaka na mikaka na kumnyooshea mito.

Lavinia alisoma polepole. Alikohoa. Alisafisha miwani. Alirudia aya, akisingizia kwamba hakuielewa. Yule meja wa mguu mmoja alipanda ngazi moja kwa siku mbili nzima. Jumapili ikaja, ikamkuta Clement, ikapita.

"Ajabu," alisema Daktari Hartnoll, akisikiliza kifua. "Kwa kweli huu moyo haustahili kuwa unapiga."

"Unasubiri sura ya kumi na tano," alisema Clement.

Jumatatu akafika Augusta, dadake Clement, mjane wa mji wa bahari, mwenye kifua kipana na sanduku la kofia. Ndani ya sanduku ilikuwamo kofia nyeusi. Alikuwa ameitwa kwa mazishi na alikuta mgonjwa anakula yai.

"Nilidhani mmesema ni hali ya hatari," alimwambia Lavinia jikoni, kwa sauti ya mtu aliyepotezewa nauli.

"Ni ya hatari."

"Ameniomba chumvi, Lavinia."

Augusta alikuwa mtu wa kuanza chakula kwa kitindamlo. Kitabu chochote alichoshika alikifungulia nyuma, akatazama nani muuaji, kisha akasoma kwa amani huku akiwaonea huruma wale wasiojua. Ndugu hao wawili walikuwa hawajaazimana kitabu tangu utotoni, maana zamani zile Augusta alimtajia Clement muuaji kanisani, katikati ya zaburi, na Clement hajasahau.

Siku ya Alhamisi hakukuwa na pa kujificha tena. Lavinia alifika mwisho wa sura ya ishirini, mpelelezi akasema, "Wakusanyeni wote chumba cha vitabu," na chini ya hapo ikawa karatasi ya buluu.

Clement alijiinua juu ya mito. Midomo yake ilikuwa na rangi ya ile karatasi, lakini macho yalimeremeta.

"Katibu," alisema. "Masharubu yale ni ya kubandika, nta kwenye funguo ni ya kupigia mihuri, na treni aliyosema amepanda haisimami pale siku za kazi. Haya, taja wako tuchane."

Lavinia alikitazama kitabu kilicho mapajani mwake. Alikuwa na wake. Alikuwa naye tangu sura ya tatu, na mara hii hakumchagua kwa chuki. Lakini alijua kama anavyojua jina lake kwamba mzee huyu hajaachia kamba kwa sababu moja tu, na sababu hiyo imefungwa kwa gundi. Mwamuzi hatoki uwanjani mchezo haujaisha.

"Bado nafikiri," alisema.

"Unafikiri? Wewe? Si hutaja tu yule mwenye jeuri?"

"Mara hii wote wana jeuri. Nipe muda."

Alijipa Ijumaa. Alijipa Jumamosi. Juma la pili likaingia na bado anafikiri. Daktari Hartnoll akaanza kuja hata siku ambazo si zake, anakunywa chai, anauliza kwa aibu kama Bibi Pobjoy ameshafikia uamuzi. Yeye binafsi alimshuku mpwa. Mchungaji naye alikuja kusali, akapiga magoti, akasema amina, na kabla hajainuka akauliza kama meja ana mguu wa mti kweli au anajifanya.

Clement alikuwa anakonda. Usingizi alikuwa haupati ila kwa kukaa, na akipumua unasikia mluzi kifuani kama birika lililo mbali. Lavinia alimpangusa jasho, akamgeuza, akamlisha supu kwa kijiko, na kila saa ya chai akasema bado anafikiri. Usiku hakulala. Aliogopa. Hakuwa na maneno mengine ya jambo lile, aliogopa tu, kama mtoto.

Wa kwanza kuishiwa subira alikuwa Augusta. Jumatano alasiri Lavinia alishuka kuchukua maziwa, akamkuta wifi yake jikoni ameinamia birika linalofoka mvuke, na juu ya mvuke ameshika *Maiti Bandani mwa Zabibu*, ule upande wa gundi. Alikuwa ameshachomoa pini ya kofia na kuichomeka kwenye ukingo wa karatasi.

"Weka chini," alisema Lavinia.

"Naipashapasha tu. Nitaibandika tena, hakuna atakayejua."

"Augusta, weka kitabu chini au nitakumwagia hilo birika."

Katika maisha yao Lavinia alikuwa hajawahi kumnyanyulia Augusta hata sauti, seuze birika. Augusta akaweka chini.

"Basi mtajie mtu, jamani," alisema. "Yeyote. Mtaje hata mbwa. Kaka yangu analala kitandani anateseka kwa kutaka kujua, na wewe umekaa hapo unafikiri. Unafikiri nini kwa juma zima?"

"Akijua, ataondoka."

"Ataondoka aende wapi?"

Lavinia alikipangusa kitabu mvuke kwa aproni, taratibu, kama anavyofutwa mtoto uso. Augusta alimtazama, na pole pole uso wake mkubwa ukaelewa. Alikaa juu ya kiti cha jikoni. Alizima moto chini ya birika.

"Oh, Lavinia," alisema. "Mjinga wewe."

Ilikuwa kauli ya upendo zaidi kuliko zote alizowahi kumpa.

Saa ya chai Lavinia alipanda na sinia. Aliweka vikombe viwili, visosi viwili, buli la chai na sahani ya keki, akamimina, akaketi, akachukua kitabu. Clement alikuwa amefumba macho. Lavinia alidhani amelala.

"Kuna aina moja ya mchezaji," alisema Clement bila kuyafumbua, "anajua timu yake imeshazidiwa. Kwa hiyo anafunga kamba ya kiatu. Anavua glavu, anavaa glavu. Anatazama mawingu. Anasubiri mvua inyeshe ili mchezo uvunjwe, asishindwe mtu."

Lavinia alikaza macho kwenye jalada.

"Nimesimama nyuma ya watu kama hao maisha yangu yote, Lavi. Najua mtu anayefikiri, na najua mtu anayesubiri mvua."

"Siwezi," alisema Lavinia.

"Unaweza. Sipumui vizuri, mke wangu. Nimechoka. Sitaki kuondoka, usidhani nataka. Lakini nikiondoka bila kujua nitakukasirikia, na huko niendako sina hakika kama wanaruhusu."

"Huko uendako watakuwa wamekisoma."

"Ndiyo. Na mmoja wao, Augusta wa huko, ataniambia mlangoni."

Lavinia alicheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia, na hakuna hata kimoja alichoweza kukizuia. Clement alinyoosha mkono juu ya shuka. Waingereza hao wawili hawakuwa watu wa kushikana mikono mchana, lakini walishikana.

"Taja," alisema Clement.

Lavinia alipangusa pua.

"Mkewe," alisema. "Bibi Mallaby."

Clement alifumbua macho yote mawili. "Hebu toka hapa. Mwanamke aliyemuuguza vile? Anayemlisha supu kwa mkono wake?"

"Mwangalie vizuri anayekulisha wewe, kabla hujasema."

"Sababu?"

"Sura ya tatu. Polisi anauliza kikombe cha Sir Hubert kiko wapi. Yeye anasema, nilikisuuza mwenyewe, sikutaka kumsumbua kijakazi." Lavinia alijipangusa tena, na sasa sauti yake ilikuwa imesimama. "Nyumba ile ina vijakazi wanane, Clement. Mwanamke yule kazaliwa katika mashuka ya hariri, hajui hata karo liko upande gani wa nyumba. Leo mumewe kafa, amelala sakafuni, watu wanapiga kelele, na yeye anakwenda kuosha kikombe? Hakuna mtu duniani anayeosha kikombe ambacho si lazima akioshe. Nakuambia mimi."

Clement alikunja uso.

"Sikuisikia sehemu hiyo," alisema.

"Uliisikia. Ikakupita. Kwako wewe vikombe hujiosha."

Lavinia alitia kisu cha siagi chini ya karatasi ya buluu, akaichana. Ngazi ilipiga kelele nje ya mlango, na Lavinia alijua kwamba ni Augusta kakaa pale ametega sikio, na akapandisha sauti kidogo ili amfikie. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Augusta kuusikia mwisho mahali pake, mwishoni.

Akasoma. Mpelelezi alianza na mpwa, akamvua nguo kwa maneno, akamwacha. Akamgeukia meja. Akamfikia katibu, na Clement akajiinua kwa kiwiko, kwa kuwa masharubu yalikuwa ya kubandika kweli na treni ilikuwa haisimami kweli. Lakini katibu alikuwa mwizi wa vijiko tu. Kisha mpelelezi akatembea mpaka dirishani, akamgeukia yule mwanamke mpole aliyekaa karibu na moto na kufuma soksi. "Mama," akasema, "ni lini mara ya mwisho uliosha kikombe?"

Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza. Clement Pobjoy, aliyewatoa uwanjani wachungaji na mahakimu, alisikiliza mpaka nukta ya mwisho. Lavinia alifunga kitabu, akamtazama. Clement alikuwa anatazama dari. Kisha mkono wake wa kulia ukapanda polepole kutoka kwenye shuka, akainua kidole kimoja, akajielekezea mwenyewe.

"Nje," alisema.

"Clement..."

"Nje kabisa, bila ubishi. Uchezaji mzuri, Bibi Pobjoy." Alikuwa anatabasamu hata masikio yake yamepanda. "Mwandishi mshenzi. Kaliweka pale pale puani, sura ya tatu. Safi sana."

Lavinia alianza kukusanya vikombe.

"Wewe," alisema Clement. "Unafanya nini?"

"Naondoa vyombo."

"Viondoe, uviweke karoni, na visiguswe. Hivyo ni vyangu. Nitaviosha kesho."

"Huwezi hata kukaa, mzee."

"Sijasema nitaviosha nimekaa. Nimeshindwa, nitaosha, kanuni ni kanuni. Visiguswe na mtu, Lavinia. Niapie."

Akamwapia. Akavishusha, akaviweka karoni, buli na vikombe na visosi na sahani yenye chembe za keki, akaviacha. Usiku ule Clement alilala usingizi wa kulala, mluzi kifuani ukapungua, na alfajiri, mvua ikiwa imekatika, akaondoka bila kumwamsha mtu.

Augusta alivaa kofia yake nyeusi mwishowe, na alilia ndani yake kwa kishindo, hata bendi ya kijiji ikapoteza mapigo. Wachezaji wa timu ya kriketi walilibeba jeneza. Makaburini mchungaji alisema maneno mazuri na mafupi, na baada ya kusema amina alimwendea Lavinia, akamkamata mkono, akanong'ona, "Mkewe? Kweli?"

Watu wakaja nyumbani kunywa chai. Walijaa sebule, walijaa ukumbi, walikaa kwenye ngazi. Augusta alikwenda jikoni kuandaa, akakuta buli la pekee la nyumba lipo karoni, na ndani yake majani ya chai yaliyoota ukungu, na pembeni vikombe viwili vyenye duara la kahawia, na sahani. Alikunja mikono ya gauni. Alifungua bomba.

"Funga," alisema Lavinia nyuma yake.

"Kuna watu thelathini huko mbele, Lavinia, na chai hatuna pa kuitengenezea."

"Hivyo ni vya Clement."

"Clement amefariki, mpenzi."

"Najua. Najua kabisa. Nimemzika asubuhi." Alisogea mpaka akasimama kati ya Augusta na karo. "Lakini sijamshinda ila mara moja hii, na alisema visiguswe."

Augusta alikuwa na la kusema. Ungeliona limemjaa mdomoni. Akalimeza, akafunga bomba, akashusha mikono ya gauni, akatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kuazima buli la kanisa.

Lavinia alivuta kiti cha jikoni, akaketi karibu na karo. Mbele alisikia visahani vikigongana na Daktari Hartnoll akimweleza mtu habari za kikombe. Alikaa tu, na vyombo vichafu vikamtazama, na hakuinuka. Akalia pale kwa muda mrefu, mikono yake imelala mapajani, mikavu.